Gari Linalotetemeka Likifungwa Breki

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya madereva, makondakta, matanboi na mafundi wa magari wa Migori na Homa Bay)



Tumeombwa na chama tuseme juu ya jambo moja tu, nalo ni gari linalotetemeka dereva anapofunga breki. Huenda wengine wakasema kwamba hilo ni neno la gereji, si neno la chama. Sisi twasema ni la chama. Gari likitetemeka, mikono inayotetemeka pamoja nalo ni ya mfanyakazi. Likishindwa kusimama, aliyekaa mbele kabisa ni mfanyakazi. Na likitengenezwa ovyo, mara nyingi fedha za kulitengeneza tena hutafutwa katika malipo ya mfanyakazi. Kwa hiyo yatupasa kulijua jambo hili, kila mtu kwa kazi yake: dereva ajue kueleza, fundi ajue kutafuta, na wote wawili wajue haki zao.

NJIA ZETU NA BREKI ZETU

Tazameni kwanza nchi tunayofanyia kazi. Barabara kuu yatoka Kisumu, yapita Ahero, Sondu, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo na Migori, hata Isebania mpakani. Ni njia ya kupanda na kushuka, na karibu na masoko mna matuta. Kisii iko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko kiasi cha mita 1,134. Maana yake, gari linalotoka Kisii likapita Rongo na Rodi Kopany mpaka Homa Bay limeshuka zaidi ya mita 500 kabla ya kufika ziwani.

Breki haipotezi mwendo hivi hivi. Huugeuza kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria na mizigo, kama lingeshushwa mita 500 kwa breki peke yake, lingetoa joto la kutosha kuchemsha debe zima la maji. Kwa kweli injini na upepo husaidia kulizuia, lakini dereva asiyetumia gia hulazimisha breki kuubeba karibu mzigo wote. Na akiongeza abiria kupita kiasi cha halali, ameongeza na moto.

Sasa breki yenyewe. Magari mengi madogo ya abiria katika njia zetu, kama Probox ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka 2002, yana disiki mbele na dramu nyuma. Disiki ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Kalipa imeikumbatia kama koleo, na ndani yake mna pedi mbili, moja kila upande. Ukikanyaga, oili ya breki husukuma pedi zikaibana disiki. Dramu ni kama sufuria iliyolazwa ubavu. Ndani yake shuu mbili hutanuka zikasugua ukuta wake.

Disiki ikiwa na unene mmoja pande zote, pedi hutulia. Ikiwa hapa nene na pale nyembamba, pedi husukumwa mbele na nyuma kila mzunguko. Msukumo huo hupita katika oili mpaka mguuni kwa dereva, na katika usukani mpaka mikononi mwake. Wala msidhani tofauti hiyo ni kubwa. Sehemu mbili za mia za milimita moja yatosha kumtikisa mtu, na unywele wa kichwani ni mnene kuliko hiyo mara mbili au tatu. Ndiyo sababu kuitazama disiki kwa jicho na kusema "iko sawa" si kazi ya fundi.

MASWALI MATATU KABLA YA SPANA

Ndugu mafundi, gari likiletwa, msikimbilie kuvua gurudumu. Mwulizeni dereva maswali matatu. Na ninyi madereva, yajueni maswali haya, maana ninyi ndio mashahidi.

Swali la kwanza: Je, gari latetemeka hata bila breki? Kama latetemeka likikimbia tu, mguu ukiwa mbali na breki, basi huenda tatizo si breki. Tazameni kama magurudumu yamebalansiwa, kama rimu imepinda kwa shimo, au kama tairi limevimba. Kuna watu walionunua disiki mpya mbili kwa ajili ya tairi moja lililovimba.

Swali la pili: Mtetemeko wasikika wapi? Usukani ukicheza mikononi, anzeni mbele. Usukani ukitulia lakini kiti na sakafu vikatetemeka, tazameni dramu za nyuma. Magari yenye breki ya mkono inayofanya kazi kwenye dramu za nyuma yaweza kujaribiwa hivi: mahali pa wazi, tambarare, pasipo watu wala magari, nenda mwendo wa kilomita 40 kwa saa, shika kitufe cha breki ya mkono kikiwa kimebonyezwa, kisha ivute polepole bila kukanyaga breki ya mguu. Gari likitetemeka, dramu zina neno. Jaribio hili lisifanywe barabarani wala sokoni, na breki isivutwe kwa ghafula.

Swali la tatu: Ulianza lini? Hili ndilo swali linalosahauliwa, nalo ndilo linalofungua mlango. Ulianza baada ya kuziba pancha? Shukuni nati. Ulianza baada ya kutiwa pedi mpya? Tazameni kama disiki ya zamani ilikuwa na mikwaruzo, au kama pedi hazikuzoeshwa. Ulianza baada ya mtelemko mrefu, au gari lilipooshwa kwa maji baridi likiwa limefika sasa hivi na breki zingali moto? Huenda joto limeiharibu disiki. Ulikuja kidogo kidogo kwa miezi? Huenda kalipa imekwama, au disiki haikukaa sawasawa tangu siku ilipofungwa.

Lipo neno moja la kuongeza. Gari lenye ABS, likifungwa breki kwa nguvu juu ya changarawe au matope, hupiga mguu wa dereva kama nyundo ndogo ndogo. Hiyo ni kazi yake ya kuzuia magurudumu yasikwame, wala si ugonjwa. Ugonjwa ni ule unaokuja hata ukikanyaga polepole juu ya lami kavu.

KUFUNGUA NA KUTAZAMA

Sasa gari linuliwe. Wekeni vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, kisha gari likae juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia. Si ya kumwachia mtu maisha yake.

Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Kisha mlishike kushoto na kulia, mlitikise tena. Likicheza, tazameni beringi, boljointi, tairodi na bushi za mkono wa chini. Vitu hivi vikichakaa, kasoro ndogo ya disiki huwa tetemeko kubwa. Tena vyenyewe ni hatari: tatizo la breki lisiwafiche tatizo la usukani.

Vueni gurudumu. Tazameni pedi. Kama ya ndani imekwisha na ya nje ingali nene, mara nyingi kalipa haitembei juu ya pini zake. Pini zikikauka grisi au zikiingia kutu, pedi hubaki imeigusa disiki wakati wote, ikaipasha moto. Zisafisheni, mtazame mipira yake, mtie grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira, na baada ya muda mfupi pini hukwama tena.

Tazameni uso wa disiki. Madoa ya rangi ya buluu ni alama ya joto kupita kiasi. Alama yenye umbo la pedi huonyesha kwamba dereva alisimama ameshikilia breki ikiwa moto sana, nyenzo ya pedi ikabaki juu ya chuma. Nyufa zinazofika ukingoni ni hukumu: disiki hiyo haikerezwi, yatupwa.

Hapa ndugu twaomba mwe waangalifu. Vumbi la breki lisipulizwe kwa upepo wala kwa kinywa. Breki nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta saratani ya mapafu, nalo vumbi haliandiki jina lake. Tumieni kitambaa chenye maji au dawa ya kusafishia breki. Tanboi anayefagia gereji ana mapafu kama ya mwenye gereji.

DISIKI "IMEPINDA"?

Tumesikia neno hili katika gereji nyingi: "Disiki imepinda, lete nyingine." Mara chache ni kweli. Lakini mara nyingi disiki haikupinda kama bati lililokanyagwa. Ilifungwa juu ya habu yenye kutu au mchanga. Chembe ndogo ya kutu karibu na katikati huifanya disiki iyumbe zaidi kule ukingoni, kwa sababu ukingo uko mbali na kitovu. Siku hiyo ya kwanza dereva hasikii kitu. Gari laenda vizuri, fundi amelipwa, kila mtu amefurahi. Lakini kila mzunguko mahali pale pale pa disiki hugusa pedi, hata mguu ukiwa mbali na breki. Baada ya kilomita elfu kadhaa mahali pale pameliwa pakawa pembamba, na tetemeko limeanza.

Ndugu, hii ndiyo siri ya gari linalobadilishiwa disiki kila baada ya miezi michache. Kosa lilifanywa muda mrefu kabla ya dalili, kwa hiyo hakuna anayelikumbuka. Lawama huangukia disiki, kisha duka, kisha dereva kwamba anakanyaga vibaya. Habu yenye kutu yabaki kimya pale pale, ikingoja disiki nyingine.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya kutoa disiki, tieni alama juu yake na juu ya habu. Itoeni, msugue habu kwa burashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, pamoja na kuzunguka vishina vya skrubu za gurudumu. Sugueni na ndani ya disiki. Irudisheni, mfunge nati zote zikiwa na washa ili disiki ikae kama itakavyokaa barabarani. Kisha wekeni geji ya mshale, mzungushe disiki polepole. Kwa magari mengi madogo kuyumba kusipite milimita 0.05. Ikipita, sogezeni disiki tundu moja juu ya habu mpime tena. Mara nyingine hilo pekee latosha. Ikiwa disiki iliyonyooka yazidi kuyumba, pimeni habu yenyewe na beringi.

Halafu pimeni unene kwa maikromita, mahali 8 kuzunguka disiki, umbali mmoja kutoka ukingoni. Unene mdogo unaoruhusiwa huandikwa juu ya disiki yenyewe. Kama ungali mwingi, disiki yaweza kukerezwa, na ikimaliza kukerezwa bado izidi kipimo kile. Kama hautoshi, inunuliwe nyingine. Kazi ya upande wa kushoto ifanywe na upande wa kulia, ili gari lisivute upande mmoja. Dramu nazo hupimwa vivyo hivyo: zina kipenyo kikubwa cha mwisho kilichoandikwa, na zikiwa na umbo la yai huitikisa sehemu ya nyuma.

Geji na maikromita si vitu vya bei ya kila fundi. Hapa twaona kazi ya umoja. Mafundi kumi wa mahali pamoja wakichangia, wanaweza kuwa na geji moja, maikromita moja na spana moja ya kipimo, vikawekwa kwa mtu mwaminifu na daftari la kuazima. Fundi anayepima hupata heshima, naye aweza kumwonyesha mwenye gari kwa namba kwa nini asema anayosema.

NATI

Sasa twaja kwa jambo dogo linaloharibu makubwa. Nati za gurudumu zisifungwe kwa kuzunguka moja baada ya nyingine kama vifungo vya shati. Zifungwe kwa kukingamana: ukifunga ya juu, nenda ya chini upande wa pili, na kwa awamu mbili au tatu. Uso wa rimu, disiki na habu uwe safi. Nyuzi zisipakwe oili.

Nguvu ya kufunga nayo ina kipimo. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka nyutoni-mita 103. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 26 uliotundikwa kwenye ncha ya wili-spana yenye urefu wa sentimita 40. Basi tanboi mwenye kilo 70 akipanda juu ya spana hiyo kwa miguu yote miwili, ameifunga nati kwa nguvu inayozidi kipimo zaidi ya mara mbili na nusu. Ile mashine ya upepo ya kufungia nati yaweza kufanya vibaya zaidi, tena bila usawa: nati hii imekazwa kupita kiasi na jirani yake imelegea. Habu na disiki huvutwa upande, skrubu huchoka, na mara nyingine hukatika. Mashine ya upepo ifungue. Mkono na spana ya kipimo vimalizie. Baada ya kilomita 50 au 100 nati zitazamwe tena.

Ndugu zetu wa malori ya miwa ya Awendo na malori ya mchanga wasikilize neno hili la nati, kwa maana ni lao pia. Lakini breki zao za upepo zina mitambo mingine yenye springi za nguvu za kumwua mtu, na zisifunguliwe na mtu asiyefundishwa.

KAZI YA DEREVA

Fundi akimaliza, kazi haijaisha. Pedi mpya hapana budi zizoeshwe. Kama mtengenezaji ameandika namna yake, ifuateni. Kama hakuandika, tafuteni njia tupu, gari bila abiria: kutoka mwendo wa 60 shukeni mpaka 20, polepole, kiasi cha mara 10, mkiacha breki ipoe kila mara, bila kusimama kabisa. Ukipakia abiria saa ile ile na kuteremka Rodi Kopany, umeanza kuharibu ulichokilipia.

Kwenye mtelemko, shika gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Funga breki, punguza mwendo, kisha iachie ipumue. Usiweke mguu juu yake njia nzima. Ukisimama chini ya mtelemko breki zikiwa moto, usiendelee kuikanyaga kwa nguvu mahali pamoja. Na usikubali gari limwagiwe maji magurudumuni kabla halijapoa.

HAKI YA MWENYE KUSHIKA USUKANI

La mwisho. Twajua jibu ambalo dereva hupewa mara nyingi: "Peleka hivyo hivyo, tutatazama Jumapili." Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 55, yataka gari linaloendeshwa barabarani liwe katika hali isiyoweza kuleta hatari. Na askari akilisimamisha, anayekutwa na usukani mkononi ni wewe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake akiona hatari kubwa au ya karibu, na yamkataza mwenye mahali pa kazi kumrudisha mfanyakazi kwenye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kifungu cha 8 chakataza kumfukuza mtu kwa sababu tu ya kulalamika juu ya usalama. Tena Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika pale mfanyakazi alipoiharibu kwa makusudi. Disiki iliyochakaa kwa kazi ya kila siku si makusudi ya mtu.

Lakini sheria haimsikii mtu aliyenung'unika stendi. Yataka maandishi, na zaidi kwetu ambao wengi hatuna hata barua ya kazi. Kwa hiyo kila dereva awe na daftari. Aandike hivi: "Leo tarehe fulani, gari namba fulani. Usukani unatetemeka nikifunga breki kutoka mwendo wa 70, tangu gurudumu la mbele kushoto lilipotolewa kuzibwa pancha. Bila breki halitetemeki. Naomba habu, disiki na nati vipimwe." Apeleke kwa mwenye gari, na nakala au picha yake abaki nayo.

Oneni, ndugu, barua hiyo fupi ina kazi mbili. Kwa fundi ni nusu ya matibabu, kwa sababu imejibu maswali yote matatu. Kwa chama ni ushahidi wa kumtetea mtu wetu. Dereva anayesema tu "gari ni mbovu" hupuuzwa upesi. Dereva anayesema ubovu uko wapi, ulianza lini na vitazamwe nini, ni vigumu kumpuuza.

Wazee walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tetemeko la breki ni wingu. Asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza kuingia, mwe mmekwisha kulitazama.

Kama kuna maswali, tuko tayari.